Mwaka Nilioficha Mgongo

Walipomzika Felisite kule Kingi, watoto wake waliniomba nisimame niseme neno, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee aliyebaki wa kumfahamu kabla hajaolewa. Nilisimama. Nilisema kwamba tulianza kazi ya uuguzi pamoja, kwamba tulilala chumba kimoja karibu mwaka mzima, na kwamba siku moja aliacha nafasi yake ndani ya kamiyo, lori lililokuwa likikimbiza watu, ili mimi nipone. Watu waliguna kwa sauti ya chini, mama mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, katekista akatikisa kichwa taratibu. Nikaketi. Nilichosema hakikuwa uongo, ila hakikuwa kweli yote, na mtu wa umri wangu hana tena muda wa kuzunguka kweli kama anayezunguka shimo. Kwa hiyo nayaandika hapa yale niliyoyaacha pale kaburini, nikianza na mwaka wenyewe, mwaka wa nne baada ya uhuru, nilipokuwa na miaka ishirini na mgongo mzima.

Dispanseri tuliyopelekwa ilikuwa katika njia ya Masisi kwenda Walikale, pale vilima vinapochoka na pori linapoanza. Ukisimama mlangoni uliona dunia mbili. Juu kulikuwa na mashamba ya maharagi na mihogo yaliyopangwa kama viraka, moshi wa jikoni, ng'ombe wadogo wadogo kama kunguni juu ya blanketi. Chini kulikuwa na miti tu, na ukungu uliokaa juu yake hadi saa nne asubuhi. Jengo lilikuwa na vyumba vitatu vya wagonjwa, wanaume, wanawake na materinite ya wazazi, na nyuma yake chumba chetu cha udongo, vitanda viwili na dirisha lisilo na kioo. Ukuta kati yetu na chumba cha dawa ulikuwa wa mbao na haukufika juu kwenye bati, hivyo kila neno lililosemwa huko lilitufikia. Mwanzoni tuliona hilo kama bahati. Tulikuwa wasichana, tulipenda kusikia mambo ya wakubwa. Baadaye ningetoa chochote ukuta ule ufike juu.

Mkubwa wetu alikuwa Papa Anselme, muuguzi wa zamani, mwembamba, mwenye desturi ya kunawa mikono hadi viwiko hata kabla ya kuandika barua. Yeye ndiye angeandika ripoti yetu mwisho wa mwaka. Tulikuwa katika staji, mwaka wa majaribio, na aliyepata ripoti mbaya alirudi kwao kushika jembe. Papa Anselme hakupiga kelele kamwe. Alikuwa na sheria chache tu, akizirudia kama sala: maji yachemke, sindano ihesabiwe, mtu mzima anainuliwa na watu wawili. Felisite alikuwa na miaka kumi na nane, mfupi, mabega mapana, mikono iliyozoea mizigo. Alikuwa ameacha shule mapema kuliko mimi, na Kifaransa cha kwenye madaftari kilimtoa jasho. Lakini mgonjwa aliyeogopa alimwita yeye, si mimi. Na alijua kupika. Sombe yake, majani ya mihogo kwa mawese, na bugali iliyosongwa mpaka ikang'aa, tulikula tukiwa tumeketi kila mmoja kwenye kitanda chake, sahani mapajani, tukisikiliza ukuta.

Mgongo wangu uliharibika wakati wa mvua za Aprili, na sababu ilikuwa kiburi. Kulikuwa na mgonjwa aliyeitwa Bauma, mpasua mbao, mtu mkubwa kama mlango, ambaye mti ulimwangukia ukamvunja paja na kulipasua. Papa Anselme alikuwa ameuvuta mguu wake kwa kamba na jiwe lililoning'inia mwisho wa kitanda. Siku hiyo Felisite alikuwa ameenda kuchota maji, Papa Anselme alikuwa materinite, na Bauma alikuwa ameteleza kuelekea chini hadi jiwe likagusa sakafu. Ningeweza kungoja. Badala yake nilimkumbatia chini ya makwapa, nikavuta huku nimejipinda, na ndani yangu nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja ukuni mkavu chumba cha pili. Niliendelea kumshika kwa sababu sikuweza kumwachia. Bauma alinitazama usoni akaniuliza kwa upole, "Dada, njo weye umevunjika, ao miye?" Nikamwambia si kitu. Nikatengeneza shuka lake, nikatoka nje nikiwa nimeshika ukuta, nikatapika kwenye majani.

Asubuhi iliyofuata sikuweza kuinama kuvaa viatu. Nilijaribu nikiwa nimelala chali, magoti kifuani, na Felisite akanikuta hivyo. Hakuuliza. Alipiga magoti akanivalisha, akafunga kamba, kisha akaketi sakafuni akanitazama. Nikamwambia yote, na nikamwomba asimwambie Papa Anselme, maana nani angempa kazi muuguzi asiyeweza kuinua mgonjwa? Akasema yeye atainua na mimi nitaandika. Ndivyo tulivyopatana, na hatukuyasema tena. Alipasua shuka kuukuu akanifunga kiunoni kila asubuhi, akivuta kwa goti lake mgongoni mwangu kama anayefunga mzigo. Akaleta ubao wa mlango kutoka ghala lililobomoka, tukauweka chini ya godoro langu. Alinikanda kwa jiwe lililopashwa moto na kuviringishwa katika kitambaa. Aligeuza wagonjwa wangu na wake, alibeba ndoo zangu na zake. Na mimi niliandika kila kitu: majina, homa, dawa, uzazi, vifo, kurasa zake na zangu, zote kwa mwandiko wangu. Papa Anselme aliusifu mwandiko huo. Mara moja alimkaripia Felisite kwamba kalamu yake imelala, kwamba ripoti haiandikwi kwa mikono yenye nguvu peke yake. Felisite aliinamisha macho akasema atajitahidi. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimenyooka kama askari, kwa sababu kitambaa hakikuniruhusu kusimama vingine.

Sijui nitaelezaje jinsi hofu ilivyoingia. Haikuja na kelele. Kwanza makayabu, wale samaki wa chumvi, yakakosekana, kisha chumvi ikapungua, na Felisite akaanza kupika mboga kwa majivu ya maganda ya ndizi. Kiangazi kilifika, njia ikakauka, wakati ambapo kamiyo zilipaswa kupita kila siku na kutuletea vumbi mpaka kwenye sahani. Hazikupita. Zile chache zilizopita zilikuja kutoka upande mmoja tu, kutoka Walikale, na hakuna iliyorudi. Halafu wakaanza kuja watu kwa miguu. Walipanda kutoka porini wakiwa na magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu, watoto wamelala migongoni, na walipita mbele ya mlango wetu bila kusalimia. Kwetu mtu hapiti mlangoni pa mwenzake bila kusema neno. Nilisimama pale na daftari langu nikawaamkia, wakatazama chini, wakaendelea kupanda. Siku chache baadaye wagonjwa wetu wenye kuweza kutembea walianza kuondoka pia. Hawakuaga. Tulikuta mkeka umekunjwa, na bakuli limeoshwa vizuri na kugeuzwa.

Adhuhuri moja tulikuwa tunakula tukasikia sauti ya shofere mmoja upande wa pili wa ukuta. Tulimfahamu, aliendesha kamiyo ya shamba moja la kahawa, mtu wa mizaha. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Alimweleza Papa Anselme kwamba waasi wamepita kule chini, kwamba katika kijiji alichokitaja walikusanya watu uwanjani na kuwagawa mafungu mawili. Papa Anselme aliuliza waliwagawa kwa nini. Shofere akasema, "Banatafuta bantu ya kuandika. Karani, mwalimu, muganga. Muntu akikutwa na kalamu mu mufuko, basi." Tulisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na mikono ya Papa Anselme ikinawa, ikinawa, ikinawa.

Felisite alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kulia, kidole cha kati, penye doa la wino lisilotoka. Aliweka sahani chini, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ndimu na mchanga, akanishika mkono akaanza kusugua. Alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, na doa halikutoka. Ndimu ilichoma, nami nilimwacha asugue.

Kufikia wiki hiyo tulikuwa na wagonjwa watatu tu. Kulikuwa na mama wawili waliozaa karibuni, mmoja kutoka upande wa pori, mwingine wa vilimani, wote wakiwa bado dhaifu. Na kulikuwa na Bauma. Mfupa wake ulikataa kuungana, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Alijua. Alinisimulia habari za miti, ipi inaanguka ikilia na ipi inaanguka kimya, na wakati mwingine alikatisha maneno akageuza kichwa kuelekea dirishani, akisikiliza. Aliniambia ndege wa asubuhi wamehama upande wa chini. Nilimjibu kwamba ni kiangazi. Alitabasamu kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto.

Sasa jambo ambalo watu hawalijui. Mgongo wangu ulikuwa umeanza kupona. Si kupona kabisa, haujapona kabisa mpaka leo ninapoandika nikiwa na mto nyuma yangu, lakini kufikia mwezi wa nane niliweza kuinama polepole kwa magoti na kuinua ndoo iliyojaa. Iliniuma, ila niliweza. Nilikuwa nimeinua ndoo jikoni, siku moja kabla kamiyo ya mwisho haijaja, na Felisite aliniona akafurahi, akapiga makofi mawili madogo.

Kamiyo ilikuja saa tatu asubuhi. Alikuwa shofere yule yule, na nyuma watu walisimama wamebanana hata hawakuweza kugeuza shingo. Hakuzima mota. Alisema waasi wako umbali wa kutembea asubuhi moja, na kwamba mbele, pembeni ya mke wake na watoto wake, anaweza kubana mtu mmoja. Mmoja. Papa Anselme alitoka akiwa anafuta mikono, akatutazama sisi wawili tuliosimama mlangoni na aproni zetu. Kuwaza kwake hakukuchukua muda. Alisema Felisite apande, kwa kuwa ndiye mdogo. Mimi ningebaki kumsaidia, maana ninazijua dawa kwa majina, na wale mama na Bauma walihitaji sindano. Alisema yeye mwenyewe haendi popote, kwa kuwa mtu mwenye jiwe mguuni kama Bauma hakimbizwi. Kisha akasema tukifika kwenye hatari yenyewe, mimi nitakimbilia porini pamoja na wale mama.

Felisite hakusogea. Nilisikia akivuta pumzi. "Papa," akasema, "Domitila hawezi kukimbia. Mugongo yake iliharibika tangu Aprili. Miye njo nilikuwa nainua bagonjwa yake."

Nikasema anadanganya. Maneno yalitoka yenyewe, kwa mazoea ya miezi minne ya kuficha. Nilikuwa bado naiona ripoti. Fikiria ujinga huo, watu wanakuja na mapanga nami naifikiria ripoti. Papa Anselme alinitazama, akamtazama Felisite, kisha akaonyesha kwa kidevu ndoo ya maji iliyokuwa karibu na mlango, imejaa, Felisite alikuwa ametoka kuichota. Akaniambia niiinue. Watu wote juu ya kamiyo walikuwa wanatazama. Shofere alikanyaga mafuta kidogo, mota ikanguruma.

Nilipiga hatua nne. Ndani ya hatua hizo nne nilielewa kwamba nikiiinua, nitabaki. Nilielewa pia kwamba Felisite atapanda, na kwamba nitakapokuwa kule chini kwenye miti, kidole changu kitakuwa na wino. Nikainama, nikashika mshikio. Chuma kilikuwa baridi. Ndoo iliondoka chini kidogo sana, upana wa kidole, nikaisikia ikining'inia mkononi mwangu, na mgongo wangu ukaibeba. Uliibeba. Ndipo nikaiachia, nikapiga ukelele, nikaanguka kwa magoti ndani ya maji yaliyomwagika.

Papa Anselme alinishika mkono akanisimamisha. Hakunikaripia. Alifuta matope magotini pangu kwa kiganja chake, kama unavyomfanyia mtoto anayekwenda kanisani, akasema neno moja tu, "Panda." Akaingia ndani akatoka na madaftari ya dispanseri ya tangu Aprili yamefungwa kwa kamba, akaniwekea mapajani, akaniagiza niyafikishe kwa wakubwa wa afya huko mjini, yasipotee. Felisite alikuwa amesimama kando ya mlango wa kamiyo. Alijua, kuliko mtu yeyote duniani, mgongo wangu unaweza nini na hauwezi nini. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamtazama Papa Anselme, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayengoja sentensi iishe. Mlango ukafungwa. Tulipopita Mushaki jioni ile, mke wa shofere alinipa ndizi ya kuchoma, nikaila yote.

Nilipewa kazi katika hospitali moja kubwa kando ya ziwa. Madaftari yalifika. Wakubwa waliyafungua, wakaona miezi minne ya kazi safi katika mwandiko mmoja, na jina langu chini ya kila ukurasa. Hawakuhitaji ripoti nyingine. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa muuguzi kamili, nimepewa wodi ya wanawake na wasaidizi wawili wa kuinua.

Njia ilifunguliwa baada ya miezi minne. Askari waliofika kwenye dispanseri walisema bati limeng'olewa lote. Kitanda cha Bauma kilikuwepo, na jiwe bado lilikuwa limefungwa kwenye kamba yake, lakini Bauma hakuwepo, wala Papa Anselme. Hawakuonekana tena, si wao wala makaburi yao. Wiki moja baadaye Felisite akaingia uani mwa hospitali yetu, bila viatu, amekonda mpaka mabega yake yakawa kama hanga ya nguo. Alikuwa na mama mmoja na watoto wachanga wawili. Yule mama mwingine, wa vilimani, alikuwa amemzika porini kwa mikono. Nilimkimbilia, nikamuuliza anataka nini. Aliomba chumvi. Nikamletea kwenye kiganja changu, akailamba pale pale, macho amefumba, mpaka chembe ya mwisho.

Alipopata nguvu alikwenda kwa wakubwa kuomba arudi kazini. Walitafuta jina lake kwenye madaftari hawakulipata. Walimuuliza ni wapi alipoandika kazi yake. Aliwajibu kwamba yeye alikuwa anainua. Waliniita mimi, wakaniuliza kama huyu binti alifanya kazi kweli. Nikasema ndiyo, alikuwa msaada mkubwa. Msaada. Ili niseme zaidi ingenipasa nieleze kwa nini mwandiko wake haukuwepo, na kueleza hilo ni kueleza mgongo, na mgongo ungenipeleka hadi kwenye ndoo. Walimshukuru, wakampa blanketi. Akarudi Kingi, akaolewa, akalima maharagi miaka yote iliyobaki, na alizalisha nusu ya wanawake wa vilima vile bila karatasi yoyote. Nilimtembelea kila nilipopata likizo. Hadithi ya kamiyo ilikuwa imeshafika kabla yangu, mke wa shofere aliieneza. Watu walimwita yule aliyetoa nafasi yake. Nami sikuwahi kuwasahihisha.

Nilikwenda kumwona mara ya mwisho miezi miwili kabla hajafa. Alikuwa hatoki tena kitandani. Binti yake alituletea viazi na mashanza, yale maziwa mazito ya kuganda, akatuacha peke yetu. Chumba kilinuka moshi na dawa ya kuchua. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ile ndoo ningeweza kuiinua, kwamba niliiinua, upana wa kidole, kisha nikaiachia. Nilimwambia pia habari ya neno msaada. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini machozi hayakuja, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma kadi ya mgonjwa.

Felisite aliendelea kukoroga maziwa yake. "Nilijua," akasema. "Jana yake si nilikuona?"

Nikamuuliza kwa nini alininyamazia miaka yote hiyo. Alimeza kijiko kimoja, akafuta mdomo. Akaniomba nikizungumza na watoto wake nisiwaharibie ile hadithi yao, wameizoea, na wajukuu wanaisimulia shuleni. Nikamwahidi. Kisha akaniambia nisimfanye mtakatifu walau tukiwa wawili, maana hilo ndilo lililomchosha kuliko jembe.

"Miye sikutaka kubaki, Domitila," akasema. "Nilisema ile habari ya mugongo kwa sababu nilifikiri Papa atasema mugonjwa hawezi kusafiri peke yake. Atasema, muende wote wawili, atamulazimisha shofere. Nilimutazama, nikangoja aseme."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni, akatulia, akaanza tena. Felisite aliweka bakuli pembeni.

"Nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga," akasema. "Hata sahani nilikuwa nimeshaifunga."